Tumepewa Sura, Tumenyimwa Ulimi

Mtu akitaja Bamburi mbele ya mgeni wa mbali, aghalabu mgeni huyo hukumbuka mambo mawili: saruji na kiboko. Saruji ilianza kutoka katika kiwanda chetu mwaka 1954. Kiboko naye alipata umaarufu baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004, alipookolewa karibu na Malindi, akaletwa katika Hifadhi ya Haller, na humo akajifanya mwana wa kobe mkongwe wa asili ya visiwa vya Aldabra. Kiboko akaitwa Owen. Kobe alikuwa akiitwa Mzee. Picha zao, zilizopigwa na mwanahabari Peter Greste, ziliizunguka dunia, na wawili hao wakaandikiwa vitabu vya watoto. Hata msitu waliokutania una sifa zake, kwani ni Dakta Rene Haller aliyeanza mwaka 1971 kupanda mivinje katika machimbo matupu ya mawe hadi pakaota msitu.

Sina ugomvi na kiboko wala na kobe. Ninalouliza ni hili: katika miaka yote hiyo ambayo kamera za walimwengu zimeteremka Bamburi, ni mara ngapi zimegeuzwa upande wa watu wake? Hapa pana misikiti na makanisa yanayosikilizana adhana na nyimbo. Pana wazee wa Kimijikenda ambao bado wanazikumbuka kaya za wahenga wao, pana Waswahili na Wabajuni, na pana waliokuja kutafuta kazi kutoka bara wakazaa watoto wasiojua kwao kwingine. Watu hawa wana hoja juu ya dini zao, lugha zao na ardhi yao. Dunia haijawasikia. Na pale ilipowahi kuwasikia, haikuwasikia sawasawa. Ninalisema hili nikiwa shahidi, tena shahidi mwenye hatia.

Miaka kadhaa iliyopita, kundi la watengenezaji filamu kutoka ng'ambo lilifika katika ufuo huu kutengeneza filamu fupi kuhusu maisha ya wavuvi. Nikaombwa niwe mkalimani wao, nami nikaona fahari. Tulimkuta mzee mmoja, mtu wa umri wa marehemu baba yangu, ameketi mchangani akishona wavu.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Wageni wakauliza kupitia kwangu kwa nini siku hizi wavuvi wadogo wanarudi na samaki haba. Mzee aliuweka wavu chini, akanyamaza kitambo, kisha akajibu kwa Kimvita chake kilichonyooka: "Bahari haikutunyima, mwanangu. Tulonyimwa ni ndia." Akanyosha kidole kuuonyesha ukuta mrefu uliokuwa umekiziba kijia ambacho babake alikipita akienda kutia mtumbwi majini.

Usiku ule niliyatafsiri maneno yale kwa ukamilifu, nikaeleza na habari ya ukuta. Baada ya miezi michache nikaandikiwa barua ya adabu. Wahariri walisema kwamba nafasi chini ya picha ni finyu, ukuta wenyewe haukupigwa vizuri, na kwa hiyo wanaomba niwakubalie mstari mmoja mfupi. Nilikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha. Nikakubali bila kulitafakari jambo lenyewe. Filamu ilipotoka, chini ya uso wa mzee palipita maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba samaki wamekwisha.

Mwanafunzi yeyote wa isimu angeiona tofauti mara moja. Kitenzi "nyima" hakikamiliki bila watu wawili: mwenye kunyima na mwenye kunyimwa. Mtu hukosa kwa bahati mbaya, lakini hunyimwa na mtu mwingine. Mzee alikuwa ametoa mashtaka. Sisi tulimgeuza kuwa mtu anayelalamikia maumbile. Alifariki dunia kabla ya kuiona filamu hiyo. Aliyeiona ni mjukuu wake, kijana wa chuo, aliyenijia siku moja ameishika simu mkononi, akaniamkia kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, babu hakusema hivi."

Sikuwa na la kumjibu. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Filamu za hali halisi ni zile zisizotumia hadithi ya kubuni, bali hudai kuwaonyesha watu wenyewe, mahali penyewe, wakisema yao wenyewe. Dai hilo ndilo linalozipa nguvu, na ndilo linalozifanya zihitaji uangalifu mkubwa. Tukitazama mchezo wa kuigiza, twajua kuwa ni mchezo. Tukitazama filamu ya hali halisi, twaamini kwamba tumeona kwa macho yetu. Ilhali wahenga walikwishatuonya: mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Mwenye kamera huchagua pa kusimama, huchagua swali, huchagua pa kukata. Na zaidi ya yote, huchagua lugha.

Ili tulione jambo hili vizuri, naomba msomaji aandamane nami hadi Ayalandi, kisha tutarejea nyumbani. Huenda akauliza: Ayalandi na Bamburi, wapi na wapi? Uhusiano upo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ayalandi walihudumu katika pwani hii kwa miongo mingi, na mmoja wao, Askofu Eugene Butler, aliongoza jimbo Katoliki la Mombasa hadi mwaka 1978. Fauka ya hayo, Waayalandi ni watu waliotawaliwa na Mwingereza, wakaona lugha yao ikisukumwa pembeni na Kiingereza, na wakaifanya dini kuwa ngao ya utaifa wao. Mambo haya si mageni kwetu.

Mwaka 1934 ilitoka filamu iitwayo Man of Aran, ya Mmarekani Robert Flaherty, kuhusu wakazi wa visiwa vya Aran vilivyoko magharibi ya Ayalandi. Ilisifiwa sana Ulaya, na ikatuzwa katika tamasha la Venice mwaka huo huo. Lakini baba, mama na mwana tunaowaona humo hawakuwa jamaa. Walichaguliwa mmoja mmoja kwa sababu ya sura zao. Uwindaji wa papa wakubwa ambao ndio kilele cha filamu ulikuwa umeachwa miaka mingi, ikabidi wanakisiwa wafundishwe upya kazi ya babu zao. Wanakisiwa hao walikuwa wasemaji wa Kiayalandi na Wakatoliki wa dhati, lakini katika filamu Kiayalandi chao hakikupewa nafasi, na kanisa halionekani. Walibakizwa na mawimbi, mwamba na nyuso nzuri. Kwa maneno mengine, walipewa sura wakanyimwa ulimi.

La kushangaza ni kwamba Flaherty huyo huyo aliwapiga picha baadhi ya watu hao wakimsikiliza msimulizi wa hadithi kwa lugha yao. Filamu hiyo fupi, Oidhche Sheanchais, ilitoka mwaka 1935, ikiwa ya mwanzo ya Kiayalandi yenye sauti. Ile kubwa iliendelea kuonyeshwa kote duniani. Hii ndogo ilipotea kabisa, hadi nakala yake moja ilipopatikana katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2012. Picha ya mtu bila lugha yake ilipata soko. Mtu pamoja na lugha yake alisahauliwa kabatini kwa zaidi ya miaka sabini.

Miaka ikapita, Waayalandi wakaishika kamera wenyewe. Mapadri wakiongozwa na Padri Joe Dunn walianzisha mfululizo wa Radharc ulioonyeshwa katika televisheni ya taifa kuanzia mwaka 1962 hadi 1996. Mwaka 1967 mwanahabari Peter Lennon alitengeneza Rocky Road to Dublin, akiuliza taifa lake limeufanyia nini uhuru wake, na kwa nini kanisa limeshika kila mlango, kuanzia shule hadi vitabu vinavyoruhusiwa kusomwa. Filamu hiyo ilichaguliwa kuonyeshwa Cannes mwaka 1968, lakini nyumbani ilionyeshwa kwa muda mfupi tu, na televisheni ya taifa ikaikwepa kwa miongo kadhaa. Lennon alionekana mtovu wa adabu aliyewaanika wazazi wake mbele ya wageni.

Lakini alikuwa amefungua njia. Mwaka 1999 mwanahabari Mary Raftery alitoa filamu za States of Fear, ambamo watu wazima walieleza mateso waliyoyapata utotoni katika shule na makao ya watoto yaliyogharimiwa na serikali na kuendeshwa na mashirika ya kidini. Tarehe 11 Mei 1999, Waziri Mkuu Bertie Ahern aliwaomba radhi waathiriwa kwa niaba ya taifa. Tume iliundwa, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2009. Hakuna mgeni ambaye angeliweza kuifanya kazi ile. Ushahidi ule ulihitaji mtu anayejua neno fulani lina uzito gani katika kinywa cha mtu wa kule, na kimya fulani kina maana gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa turudi kwetu, na tuanzie Unguja. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walipita juu ya kisiwa wakipiga picha kutoka angani. Picha hizo zilitiwa katika filamu yao Africa Addio ya mwaka 1966. Mtazamaji huona watu wadogo kama sisimizi, wengine wakikimbia, wengine wamelala chini, na sauti ya msimulizi wa kigeni ikimwambia maana ya anachokiona. Hakuna anayesema Kiswahili. Hakuna anayetaja jina lake, la nduguye, la mtaa wake. Ni tukio kubwa lililogusa dini, nasaba na utambulisho wa Wazanzibari, nalo limesimuliwa kutoka mahali ambapo hakuna sauti ya binadamu iwezayo kufika. Si ajabu kwamba picha zile zingali zinazua mabishano makali, kwani picha isiyo na shahidi humtumikia kila anayeishika.

Baada ya miaka ishirini, Mombasa ilitoa jibu. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa mji huu mwaka 1933 na mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alisimama mbele ya kamera katika mfululizo wa filamu tisa uitwao The Africans, uliotayarishwa na BBC kwa ushirikiano na televisheni ya umma ya Marekani na kuonyeshwa mwaka 1986. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwafrika ana urithi wa pande tatu: mila zake za asili, Uislamu, na ustaarabu wa Magharibi. Kwa mtu wa Mombasa hoja hii haihitaji ithibati ya mbali. Huiona akitoka nyumbani asubuhi. Huko Washington, Lynne Cheney, aliyeongoza shirika la serikali lililokuwa limechangia gharama, alikasirishwa na jinsi nchi za Magharibi zilivyokosolewa, akataka jina la shirika lake liondolewe. Hasira hiyo yatufunza kitu. Mwafrika akipigwa picha na wengine, hakuna anayeudhika. Akianza kuhukumu kwa ulimi wake, mfadhili hutaka jina lake lifutwe.

Hata hivyo, heshima kubwa niliyo nayo kwa Profesa Mazrui, aliyezikwa hapa Mombasa karibu na Ngome ya Yesu mwaka 2014, hainizuii kuuliza swali la mwanaisimu. Filamu zile zilisema nasi kwa Kiingereza. Mtoto wa Mji wa Kale alikuwa akiitetea Afrika mbele ya mahakama ya dunia, na mahakama ilikuwa na lugha yake. Alifanya lililowezekana wakati ule. Kazi iliyobaki ilikuwa ya waliomfuata: kuzungumza ndani ya nyumba, kwa lugha ya nyumbani, hata juu ya yale yanayotuaibisha.

Kazi hiyo imeanza. Mwaka 2019 ilitoka filamu The Letter ya Maia Lekow, mwanamuziki Mkenya, na mumewe Christopher King, mzaliwa wa Australia. Ni habari ya kijana anayeishi Mombasa, anayepata habari kupitia mtandao kwamba nyanya yake huko Kilifi, mkongwe wa zaidi ya miaka tisini, ameitwa mchawi. Anarudi nyumbani kutafuta aliyeandika na sababu yake. Polepole mtazamaji anatambua kwamba nyuma ya neno "mchawi" mna shamba linalotamaniwa, na mna imani mpya inayoyaona mambo yote ya zamani kuwa ya shetani. Watu wanasema Kiswahili na Kigiriama, wanacheka, wanagombana, wanasali. Kenya iliiteua filamu hiyo iiwakilishe katika kuwania tuzo za Oscar. Sisi tunaoishi jirani na Kilifi twajua kwamba jambo lenyewe si hadithi: wazee wameuawa kwa kisingizio cha uchawi, na mvi zimegeuka kuwa hatari badala ya kuwa heshima.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilikumbuka States of Fear. Hapa napo jamii inajihoji juu ya dini, jamaa na mali. Na kwa kuwa mmoja wa watengenezaji wake ni mgeni, nimejifunza kwamba neno si rangi ya mwenye kamera. Watengenezaji hao hawakupita kwa wiki moja. Walikaa na ile familia kwa miaka kadhaa, wakasubiri watu waseme kwa wakati wao na kwa lugha yao. Kundi nililolihudumia mimi ufuoni lilikaa siku mbili, na mkalimani wao alikuwa na haraka.

Najua kuna watakaonipinga, tena watu ninaowaheshimu. Watasema kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi barazani, na kwamba dini zetu si jambo la kuchezewa na kamera. Nawasikia. Heshima ya ibada na stara ya nyumba ni nguzo za ustaarabu wetu, na kamera isiyojua kubisha hodi haistahili kukaribishwa. Lakini mficha uchi hazai. Waayalandi walificha mateso ya watoto kwa jina la heshima ya dini, na siri ile ikaidhuru dini yenyewe kuliko ambavyo filamu yoyote ingeweza kuidhuru. Nyanya wa Kilifi anayetishiwa usiku hahifadhiwi na kimya chetu. Mvuvi aliyezibiwa njia hahifadhiwi nacho pia.

Walimu wenzangu, ninayoyaomba ni machache na yawezekana. Siku hizi takriban kila darasa la chuo lina simu yenye kamera, na tamasha letu la kitaifa la drama na filamu limewafungulia vijana uwanja wa kuonyesha kazi zao. Tuwafundishe mambo matatu. Kwanza, wamhoji mtu kwa lugha anayoiotea ndoto, iwe Kimvita, Kigiriama, Kidigo au Kijaluo, hata ikiwalazimu kumtafuta mwenzao aijuaye. Pili, wayaandike maneno yote ya msemaji kabla ya kuyafupisha, ili wajue wanachokiacha. Mtu aliyesoma sarufi ya kauli ya kutendwa hawezi kuchanganya "kukosa" na "kunyimwa", na hapo ndipo somo la lugha linapokuwa somo la haki. Tatu, warudi kwa msemaji wamsomee tafsiri yao, wamuulize, "Je, hivi ndivyo ulivyosema?" Akikataa, waanze upya. Kama nafasi chini ya picha haitoshi, basi ikatwe picha, si kauli ya mtu.

Nanyi wanafunzi, msiungoje ufadhili mkubwa. Anzeni na nyanya zenu. Waulizeni juu ya harusi zao, juu ya madrasa na shule za misheni walizosoma, juu ya majina ya mahali ambapo leo pamejengwa maduka. Wazee hawa hawatukai milele, na kila mmoja wao anapoondoka huondoka na maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote.

Yule kijana nilimpa daftari langu la siku ile ufuoni, lenye maneno ya babu yake kama yalivyotoka kinywani. Aliniambia anataka kuyarudisha mahali pake katika filamu atakayoitengeneza mwenyewe, na safari hii ukuta utapigwa vizuri. Kwa kuwa mimi sina filamu, nimeona niyarudishe hapa gazetini, mbele ya watu, bila kupunguza neno: "Bahari haikutunyima, mwanangu. Tulonyimwa ni ndia."